Midoli ya mazoezi imefungiwa kabatini, wanafunzi wanakuja kujifunzia kwa mama leba: tulijadili hili

Mkufunzi wa Ziwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wakunga, manesi, matabibu, madaktari na wanafunzi wa vyuo vya afya mliomo humu, nawaombeni tulizungumze jambo hili kwa kina. Asiye wa kada yetu naye akaribie, maana kila mtu ana dada, mke au binti atakayepita leba.

Mimi ni mkufunzi wa chuo cha afya huku Kanda ya Ziwa. Ninachosema ni hiki: mwanafunzi asimshike mtoto asiyepumua, au mama anayemwaga damu, kwa mara ya kwanza akiwa leba. Awe ameshafanya mazoezi kwenye mdoli, kidogo kidogo, wiki hadi wiki, tangu chuoni mpaka anamaliza, na akiajiriwa aendelee. Semina ya siku moja yenye cheti haitoshi, na ushahidi wa hilo umetoka hapahapa Tanzania.

Tuanze na mtoto. Wengi wanaozaliwa hulia wenyewe. Kama mmoja kati ya kumi anahitaji msaada kidogo, akaushwe vizuri, asuguliwe mgongo, ndipo aanze kupumua. Wachache zaidi hata hapo hawaanzi, na hao lazima wasaidiwe kwa ambu (mfuko wa kubonyeza unaoingiza hewa kifuani) na barakoa. Mafunzo ya Helping Babies Breathe yaliyozinduliwa mwaka 2010 yanaziita sekunde 60 za kwanza Dakika ya Dhahabu: ndani ya dakika hiyo mtoto awe amekaushwa, amesisimuliwa, njia ya hewa imesafishwa kama inahitajika, na kama bado hapumui, pumzi ya kwanza ya ambu iwe imeingia. Baada ya hapo ni pumzi kama 40 kwa dakika, unahesabu "bonyeza, mbili, tatu".

Kwenye karatasi ni rahisi. Chukua sasa NeoNatalie, mdoli wa mtoto mchanga. Unajazwa maji ya uvuguvugu, karibu lita mbili, kwa hiyo una uzito wa mtoto, na ukiunyanyua shingo inalegea mkononi. Mwalimu amekaa pembeni na vipira vya kubonyeza. Yeye ndiye anaamua mtoto alie au asilie, kitovu kidunde au kisidunde. Mwanafunzi anaweka barakoa, anabonyeza ambu, kifua hakinyanyuki. Barakoa imekaa vibaya kidevuni na hewa inavuja kwa pembeni, unaisikia kabisa. Anaendelea kubonyeza. Msimamishe umwulize afanye nini, atakutajia bila kusita: rekebisha mkao wa kichwa, weka barakoa upya, angalia ute mdomoni, fungua mdomo kidogo, bonyeza kwa nguvu zaidi. Anajua kila kitu. Mikono yake ndiyo bado haijui, na mikono haifundishwi kwa slaidi.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu, mkoani Manyara, imelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo mawili ambayo ningependa kila mkufunzi ayajue. La kwanza lilitoka hospitali 8 za hapa nchini: baada ya mafunzo hayo ya Helping Babies Breathe, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47, na watoto waliofia tumboni wakati wa uchungu walipungua kwa asilimia 24. La pili lilitoka Haydom yenyewe. Wahudumu walipata kozi ya siku moja. Miezi 7 baadaye walikuwa bado wanafanya vizuri zaidi kwenye mdoli, lakini ulipotazama walivyowahudumia watoto wenyewe leba, hakuna kilichobadilika.

Hilo la pili lisomeni tena. Mtu anafaulu kwenye mdoli na leba anafanya kama zamani.

Haydom hawakukata tamaa. Walianzisha mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5, kila wiki, palepale wodini, kwenye meza ileile ya kumhudumia mtoto. Matokeo yakatoka 2015: vifo vya ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mdoli uleule, hospitali ileile. Kilichobadilika ni mara ngapi mtu anaushika na anaushikia wapi.

Kutoka hapo ukaja mpango wa Safer Births Bundle of Care, kwenye vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mazoezi ya mara kwa mara wodini, vifaa bora vya kusikiliza mapigo ya moyo ya mtoto, na takwimu za kituo kurudishwa kwa wahudumu wenyewe wazijadili. Matokeo yalichapishwa 2025, yakihusu akina mama na watoto karibu 300,000: vifo vya akina mama vilipungua kwa asilimia 75 na vifo vya watoto ndani ya saa 24 kwa asilimia 40. Mikoa haikufanana, mingine ilifanya vizuri kuliko mingine, na ni vema tuseme hivyo. Lakini ni matokeo makubwa, na ni ya kwetu.

Sasa njoo vyuoni. Kuna chuo nilikwenda kusimamia mitihani, sitakitaja. Midoli ipo, mizuri, ya msaada. Imefungiwa kwenye kabati la kioo, na ufunguo anao mtu wa stoo. Mmoja ulikuwa bado kwenye nailoni yake. Nilipouliza nikaambiwa wanafunzi wataiharibu. Wakati huohuo wanafunzi wa mwaka wa mwisho wako wodini wamejipanga kumzunguka mama mmoja, na atakayebahatika kuwa karibu ndiye atakayejifunza.

Hili linaniumiza kwa kweli. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo vya akina mama nchini vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 kwenye ule wa 2015/16. Ukija kwa watoto wa chini ya siku 28, tulikuwa 25 kwa kila 1,000, tukafika 24. Karibu tumesimama palepale. Wengi wa watoto hao wanafia kwenye siku za mwanzo kabisa, mikononi mwa watu tuliowafundisha sisi.

Naomba kuwasilisha. Mnaofanya mazoezi haya vyuoni au wodini, tuambieni mnafanyaje.

Mama Leba

Mkufunzi, Mungu akubariki kwa kulileta hili. Mimi ni mkunga, hospitali ya wilaya, na zamu zangu nyingi ni za usiku.

Wanafunzi na waajiriwa wapya wanakuja na nadharia nzuri tu. Nawapenda na ninawafundisha. Lakini damu ikianza kutoka, kitu cha kwanza wanachofanya ni kunyamaza. Watu wanne chumbani na hakuna anayesema neno. Mmoja anatafuta kanula (ile sindano ya mshipani), mwingine naye anatafuta kanula, na hakuna aliyeweka mkono tumboni kusugua mfuko wa uzazi.

Kwetu tuna ule mdoli wa kuvaa kiunoni, MamaNatalie. Anauvaa mmoja wetu, analala kitandani kama mama, kwa ndani ana mfuko wa damu ya bandia na anaifungulia yeye mwenyewe. Mfuko wa uzazi anaweza kuufanya ulegee au ukaze. Ninapouvaa mimi sianzi na mafuriko. Naachia kidogokidogo huku namsimulia mwanafunzi habari za mtoto, namwambia nasikia kiu, nasikia baridi. Mwanafunzi anacheka na mimi, anaandika faili. Shuka chini yangu limeshalowa. Mara nyingi anayegundua ni yule aliyezoea kuinua shuka na kuangalia bila kuambiwa.

Ndiyo maana utafiti wa E-MOTIVE naupenda sana. Hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukachapishwa 2023. Waliweka plastiki yenye alama za vipimo chini ya mama ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, halafu matibabu yote yaanze kwa pamoja: kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kuukaza mfuko huo), asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande), maji ya mshipani, kumkagua mama na kuita msaada. Kutokwa damu kupita kiasi kulitambuliwa kwa asilimia 93, wakati hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida zilitambua karibu nusu tu. Ukijumlisha damu kali, upasuaji na vifo, vilipungua kwa asilimia 60. Dawa zote hizo tulikuwa nazo. Tulikuwa tunachelewa kuona, na tukiona tunazitoa moja moja tukisubiri kila moja ishindwe kwanza.

Kitu kingine tunachokifanyia mazoezi ni kusema. Unataja jina la mtu na kazi yake, naye anarudia, akimaliza anasema amemaliza. "Neema, oksitosini uniti 10 kwenye paja." "Oksitosini uniti 10 kwenye paja." Kisha: "Oksitosini nimechoma, saa nane na dakika tano." Mara ya kwanza wanaona aibu. Baada ya wiki chache wanazungumza hivyo hata bila mdoli.

Tabibu wa Pembezoni

Mkuu mwanzisha uzi, nakuunga mkono nusu. Niko zahanati ambayo tuko wahudumu wawili, na mmoja akiwa likizo nabaki peke yangu. Unaniambia nitaje jina la Neema, Neema yuko kwao. Damu salama iko hospitali ya wilaya, na barabara masika unaijua. Oksijeni hatuna. Nina wasiwasi kwamba tukishangilia sana midoli, wakubwa watasema tatizo ni ujuzi wa wahudumu, basi waleteeni mdoli, na hapo hapo ajira, gari la wagonjwa na benki ya damu vinasahaulika. Mama akifa naulizwa mimi.

Mkufunzi wa Ziwa (mwanzisha uzi)

Tabibu, umesema kweli na sitaki kuibishia. Mdoli hauzalishi chupa ya damu wala hauajiri mtu. Na yale matokeo ya mikoa mitano hayakuletwa na midoli peke yake. Wizara na TAMISEMI walikuwamo, kulikuwa na vifaa, kulikuwa na takwimu, na kulikuwa na watu ndani ya kila kituo waliokabidhiwa kuyaendesha mazoezi.

Lakini nikuongezee mambo mawili. Mtoto asiyepumua haanzi na oksijeni. Wengi wanahitaji hewa ya kawaida tu, hii iliyomo chumbani, iingie kifuani kwa ambu kwa wakati. Kazi hiyo mtu mmoja kwenye zahanati anaiweza, na ndiyo iliyoko mikononi mwako leo hata kabla gari halijaletwa.

La pili, mazoezi yakifanyika wodini yanafichua hayohayo unayoyalalamikia. Kuna kituo tuliigiza mama anatoka damu, mwanafunzi akakimbilia dawa. Kabati la dawa za dharura limefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda kula. Tukasubiri naye kweli, hatukumrukisha. Zoezi lilipoisha msimamizi wa wodi aliandika palepale kwamba oksitosini na traneksamiki zihamie kwenye boksi la dharura leba, lisilofungwa kwa ufunguo, likaguliwe kila zamu. Kingekuwa chumba cha chuo, lile kabati tusingelijua. Kwa hiyo andika kila kilichokwama kwenye zoezi, tarehe na saa, upeleke kwa mganga mfawidhi. Inakuwa hoja yako ya maandishi na haiwezi kuitwa manung'uniko.

Na kwa walio peke yao, tunafanya zoezi la mtu mmoja: mama anafundishwa kujisugua tumbo mwenyewe chini ya mkono wako, ndugu aliyemsindikiza anapewa kazi ya kupiga simu kwa namba iliyobandikwa ukutani, wewe unachoma dawa. Hilo nalo linahitaji kufanyiwa mazoezi, maana kumpa kazi ndugu mwenye hofu si jambo dogo.

Mwaka wa Tatu

Shikamoo Mkufunzi, shikamoo Mama Leba, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi. Kwetu mdoli tunauona siku ya maonyesho mwanzoni mwa muhula na siku ya OSCE, ule mtihani wa vitendo. Katikati haupo. Na tukifanya zoezi, ukikosea unafokewa mbele ya wenzako, unaambiwa "umeshaua". Wengi wetu tunajificha nyuma ili tusiitwe. Ninaomba wakufunzi mliomo humu mjue hilo, kwamba tunaogopa mdoli kuliko tunavyoogopa mgonjwa, kwa sababu kwa mgonjwa angalau sista atamalizia kazi.

Mama Leba

Marahaba mwanangu. Pole. Hiyo si namna ya kufundisha mtu.

Mkufunzi wa Ziwa (mwanzisha uzi)

Marahaba kijana, na asante kwa kuwa mkweli. Wakufunzi wenzangu, someni alichoandika huyu kabla hamjasoma kitu kingine.

Zoezi lenyewe linaweza kuchukua dakika 5. Mazungumzo ya baada yake yachukue 10 au zaidi, na humo ndimo wanafunzi wanajifunzia. Mimi naanza kwa kuwaacha wapumue, kisha namwuliza aliyeongoza: uliona nini, ulikuwa unafikiria nini pale kifua kilipokuwa hakinyanyuki? Siulizi "kwa nini hukufanya". Ukimwuliza alichokuwa anafikiria atakwambia jambo ambalo hukulitegemea. Kuna mwanafunzi aliendelea kumkausha mtoto dakika nzima bila kushika ambu. Darasa zima lilidhani amesahau. Alipoulizwa kwa upole akasema alidhani haruhusiwi kuanza ambu mpaka daktari afike, kwa sababu wodini alikofanyia mazoezi ndivyo alivyoambiwa. Ningemfokea, lile lingebaki kichwani mwake na angeenda nalo kazini.

Wenzake wanafuata, wanasema walichokiona na wala hawamhukumu. Mwisho anarudia zoezi lilelile papo hapo mpaka lifaulu. Hili la kurudia wengi wanaliacha kwa sababu muda umeisha. Msiliache, mtu asitoke chumbani na picha ya kushindwa. Na yaliyosemwa humo hayaingii kwenye alama zake. Mtihani uwe siku nyingine, na wajue tangu mapema ni siku gani.

Baba wa Watatu

Mimi si mtu wa afya, naendesha bodaboda. Nimesoma uzi mpaka hapa kwa sababu mke wangu alipojifungua wa pili, wanafunzi walikuwa wengi sana. Kila mmoja anapima njia, anatoka anaingia mwingine. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Mke wangu alilia, na alilia kwa aibu kuliko uchungu. Wa tatu alitaka kuzalia nyumbani, nilimbembeleza mpaka akakubali kwenda. Kwa hiyo, hiyo midoli mnayosema imefungiwa, mimi naomba ifunguliwe.

Mama Leba

Baba wa Watatu, pole sana, na umpe pole mama. Kuombwa ruhusa ni haki yake, na akikataa mwanafunzi anatoka. Kupima njia mara kwa mara bila sababu kunamletea mama maambukizi, hata bila kuzungumzia utu wake. Hapa kwetu mwanafunzi anapima kwenye mdoli mpaka vipimo vyake vya sentimita vinalingana na vyangu, kisha ndipo anajitambulisha kwa mama kwa jina na kuomba, nami nikiwepo. Asante kwa kumshawishi arudi hospitali.

Nesi wa Kilifi

Hamjambo majirani. Mimi ni nesi wa wodi ya watoto hapa Kenya, nataka kuleta upande wa mtoto ambaye ameshatoka leba, huyu wa miezi kumi anayeletwa na mamake amelegea.

Huku kwetu tuna ETAT+, mafunzo ya kumpanga mtoto mgonjwa kwa dharura yake na kumtibu, yaliyojengwa juu ya yale ya Shirika la Afya Duniani. Yamefundishwa kwa wahudumu na hata kwa wanafunzi wa udaktari. Unaanza na njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, kupoteza fahamu, degedege, upungufu wa maji, kwa mpangilio huo, na unafanya kwenye mdoli huku mwalimu anakubadilishia hali: sasa mikono imekuwa baridi, sasa sukari imeshuka. Mwanagenzi anayepitia hapo kabla ya kuingia wodini anaonekana tofauti siku ya kwanza.

Lakini kuna tahadhari ambayo sijaiona kwenye uzi. Mazoezi yanaufanya mkono uwe mwepesi. Ikiwa mwongozo mliouigiza si sahihi, basi mkono utakuwa mwepesi katika kukosea. Kumbukeni utafiti wa FEAST. Kwa miaka mingi watu walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko apewe maji mengi haraka mshipani. Mwaka 2011 ukatoka utafiti wa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo hapa Kilifi na hospitali ya Teule kule Muheza. Waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi: kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Watoto wa kuhara na wa utapiamlo mkali hawakuhusishwa, hao wana mwongozo wao, msije mkachanganya.

Kwa hivyo ukiletewa tukio la kufundishia kutoka Ulaya au Marekani, zuri, limetafsiriwa vizuri, uliza kwanza: huyu mtoto wa kwenye zoezi ana malaria? Ana upungufu wa damu? Wodi yangu ina mashine ya kupumulia? Kule wanaigiza mtoto anayekimbizwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) ndani ya dakika chache. Hapa mtoto huyohuyo utakaa naye usiku kucha. Tukio la mazoezi liandikwe na mtu anayeijua wodi, kwa mwongozo wa nchi husika wa sasa, na likaguliwe mwongozo ukibadilika.

Mkufunzi wa Ziwa (mwanzisha uzi)

Nesi, asante sana. Hili nitalipeleka kwenye kikao chetu cha wakufunzi kama lilivyo. Tuna matukio kwenye faili ambayo hayana hata tarehe ya kuandikwa.

Mpenda Historia

Niongeze kidogo tu kwa wanaodhani haya ni mambo mapya ya wafadhili. Ufaransa, mwaka 1759, mfalme Louis XV alimpa kibali mkunga mmoja, Angélique du Coudray, azunguke nchi nzima kufundisha ukunga wanawake wa vijijini. Alisafiri zaidi ya miaka 20 na mdoli aliouunda mwenyewe wa kitambaa na ngozi, wenye nyonga, mfuko wa uzazi na mtoto. Alifundisha maelfu. Mmoja wa midoli yake umehifadhiwa makumbusho mjini Rouen. Wanafunzi wake wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mikono ndiyo ilikuwa daftari lao.

Mwaka wa Tatu

Kama wa kitambaa ulitosha wakati ule, je, sisi tunaweza kushona wetu? Midoli ya kununua chuo kinasema ni ghali. Na swali la pili kwa Mkufunzi: kifafa cha mimba. Tukifika kwenye kuchanganya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege lake, karibu darasa zima tunakwama. Mnafundishaje?

Nesi wa Kilifi

Mdogo wangu, mnaweza. Kuna mpango uitwao PRONTO ulioanzia Meksiko, wanatumia suruali ya upasuaji iliyokatwa na kushonwa upya, anaivaa mwigizaji, mtoto wa mdoli na kondo vinatokea humo, damu ya rangi kwenye mfuko. Ulitumika Migori huku kwetu na Busoga kule Uganda kwenye mradi wa watoto njiti, pamoja na mambo mengine ya kuboresha huduma, na vifo vya njiti vilipungua kwa takriban theluthi moja. Uzuri wake ni kwamba kitandani yuko mtu mzima anayeongea. Anauliza "mtoto wangu yuko wapi?" na lazima mumjibu huku mnafanya kazi. Mdoli wa plastiki hauulizi. Kwa mfuko wa uzazi na kondo, vitambaa na sponji vinatosha. Kinachohitaji mdoli wa kununua ni zoezi la ambu, kwa sababu kifua lazima kinyanyuke kwa haki. Huo mmoja tu chuo kisilie, kinunue.

Mkufunzi wa Ziwa (mwanzisha uzi)

Nimekubaliana na Nesi kwa yote. Suruali hiyo nitaitafutia fundi wiki hii.

Kuhusu magnesiamu, kijana, mnakwama kwa sababu mnafundishwa hesabu yake ubaoni na dawa hamjaishika. Ampuli nyingi za hapa ni asilimia 50, yaani mililita 10 zina gramu 5. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4, hivyo unavuta mililita 8 za dawa na kuongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20 za asilimia 20. Hizo unazisukuma polepole, kwa dakika zisizopungua 5, na saa uiangalie. Kisha gramu 10 za msuli, yaani 5 kila tako, zikiwa na mililita 1 ya lignokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 ili kupunguza maumivu. Dozi za kuendelea ni gramu 5 kila baada ya saa 4, na kabla ya kila moja unakagua mambo matatu: goti likigongwa linaruka, pumzi si chini ya 16 kwa dakika, mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, usichome. Pumzi zikisimama, ambu kwanza, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga magnesiamu iliyozidi, gramu 1 mshipani, polepole.

Zoezi tunalifanya hivi. Tunachukua ampuli za maji, tunazibandika lebo ya magnesiamu asilimia 50, mdoli uko kitandani, mmoja anaigiza ndugu anayepiga kelele kwamba dada yake ana mashetani, taa moja imezimwa maana mara nyingi ni usiku. Wawili wanachanganya, mmoja anavuta, wa pili anasoma kwa sauti mililita zilizomo kwenye bomba. Aliyekosea, alichochanganya kinamwagwa na anaanza upya. Wakirudia kila wiki, wanaacha kukimbilia simu kupiga hesabu.

Ila hili mlizingatie sana. Ampuli na mabomba ya mazoezi yote yawe na lebo nyekundu ya neno MAZOEZI, yahesabiwe kabla na baada ya zoezi, na yasitoke chumbani hata mfukoni mwa koti. Kama zoezi ni la wodini, mtu mmoja awe na kazi hiyo peke yake, kwa sababu bomba la maji lililosahaulika kwenye trei ya leba linaweza kuchomwa kwa mama mwenye kifafa usiku huohuo, na aliyechoma ataamini amempa dawa.